Nitunzie Melkiade

"Sasa ile mutu anakimbia anaenda wapi?"

Sipriani aligeuka. Uwanja wa besiboli wa Louisville ulikuwa umefurika, viti vinachoma mapaja kwa jua, soseji zinanukia kila upande. Nyuma yake ameketi mama aliyejaa mwili, kitenge cha manjano chenye tausi, kilemba kimesimama juu kama cha jogoo anayetaka ugomvi. Alikuwa Mkongomani, amekuja na basi la kwaya kutoka Reynoldsburg, kule Columbus.

"Anakimbia kurudi palepale alipoanzia, mama. Akifika salama, anahesabiwa."

"Aah! Njo sawa na sisi wakimbizi. Ila sisi, hata tukirudi, hatuhesabiwe."

Sipriani alicheka mpaka meno ya nyuma yakaonekana, na meno hayo yalikuwa hayajaona jua tangu amzike mkewe, Immaculée. Alikuwa Mrundi aliyekulia kambini Tanzania, sasa anafunga maboksi kwenye ghala moja la Jeffersontown. Siku Immaculée anakata roho, alimwomba msimamizi wake, Rurangwa, ruhusa ya kutoka. "Maliza zamu kwanza," aliambiwa. Akamaliza zamu. Alipofika hospitali, kitanda kilikuwa kimeshatandikwa shuka jipya. Tangu hapo hakuwa na neno jema kwa mkubwa yeyote, kuanzia mwenyekiti wa kambi hadi wale wanaokaa ofisini wakigawa wakimbizi: huyu Louisville, huyu Columbus, huyu Buffalo, kama watu wagawao mbuzi wa mahari.

"Na ule mwenye mkono wa kushoto?" mama aliuliza. Mrushaji wa Columbus, kijana mwembamba aitwaye Melkiade, alikuwa anafanya ishara ya msalaba kabla ya kurusha.

"Ni mtoto tu huyo. Bado hajajulikana."

"Bon. Mimi nimemujua. Ni wangu."

Jina lake lilikuwa Laurentine. Alitunza wazee kwenye nyumba ya wazee, na alitoa namba ya simu kama mtu anayegawa karanga.

Simu zikaanza. Sipriani akamfundisha mchezo waliocheza wafanyakazi wa ghalani: unaunda timu yako kwenye simu kwa wachezaji wa kweli, wakifanya vizuri uwanjani wewe unapata pointi. Asiyekufaa unambadilisha na wa mwenzako, au unamtema. Mwenyekiti wa ligi alikuwa nani? Rurangwa huyohuyo. Wakubwa hawakuachii hata mchezo.

Mwezi wa tatu uliofuata, siku ya kuchagua wachezaji, wafanyakazi walikusanyika ukumbini, Laurentine akaingia kwa simu. Wenzake wakagombania majina makubwa. Yeye akamchukua Melkiade, aliyekuwa ndiyo kwanza amepandishwa ligi kuu. Ukumbi mzima ukacheka. Yeye akacheka kuwashinda.

Ikawa kila asubuhi anamtumia Sipriani ombi la kubadilishana, la kipuuzi kabisa: nipe mpigaji wako bora, nikupe mchezaji wangu mgonjwa na samaki mkavu. Ndiyo ilikuwa salamu yake. Sipriani alikataa kila ombi, kisha akampigia Lolo wake, asiyemtema mchezaji hata akiumia.

"Lolo, hiyo si timu, ni wodi."

"Na yako ni kambi ya jeshi, chéri. Kila siku unafukuza mutu. Unatafuta nini?"

"Namtafuta Rurangwa. Aliye juu mngoje chini."

"Ile mutu hata hajue kama unamungoja!"

Mwezi wa sita, kiwiko cha Melkiade kikakatika mshipa. Asubuhi moja likaja ombi la ajabu: Laurentine anamtoa Melkiade, na anataka mchezaji mbovu kuliko wote wa Sipriani. Chini ameandika: *Nitunzie Melkiade.* Sipriani akatabasamu, akakubali, akamlaza kijana kwenye benchi la majeruhi.

Lakini wiki hiyo alikuwa anapambana na Rurangwa kwa nafasi ya kwanza, na mchezaji wake mwingine akaumia. Benchi la majeruhi likajaa; lazima mmoja atoke. Akilini akamwona Immaculée, akaliona shuka jipya. Kidole kikabonyeza. Akamtema Melkiade, akachukua mzima, na Jumapili akamwangusha Rurangwa.

"Lolo! Nimempiga! Leo ghalani alipita kichwa chini!"

"Melkiade iko wapi?"

"Nimemtema, mpenzi. Mkono umekufa ule."

"Mi nilikuambia nini, Sipriani?"

"Si mchezo tu, mama?"

"Kumbe mutu akigonjwa, njo unamufanya vile." Simu ikakatwa.

Asubuhi iliyofuata hakuna ombi. Wala iliyofuata hiyo. Akipiga, inaita mpaka inachoka. Alimlaumu Rurangwa, akalaumu mtandao, akalaumu waliomtuma yeye Louisville na Laurentine Columbus. Usingizi ukamkimbia hata hivyo.

Ndipo akapigiwa na Gentille, binti wa Laurentine aliyekaa Buffalo.

"Papa Sipriani, mama iko kwangu. Iko na kansa. Alijua ile wiki alikupa ule muchezaji. Alisema: huyu alishazika bibi, naogopa kumupa mugonjwa mwingine. Ungemutunza ule kijana, angekuambia."

Sipriani alimfuata Rurangwa katikati ya zamu.

"Maliza zamu kwanza, mzee."

Akavua glovu, akaziweka juu ya meza yake. "Hii nimeimaliza."

Buffalo, upepo wa ziwa ulikuwa unapiga madirisha. Laurentine alikuwa kitini, kitenge cha tausi kimemzunguka mara mbili, kichwa kimebaki bila nywele.

"Umekonda, Lolo."

"Na weye umezeeka. Umekuya kufanya nini? Benchi ya majeruhi imejaa."

Akapiga magoti kwenye zulia, mtu mzima na mvi zake. "Nisamehe. Nataka nikuoe."

"Utaoa kaburi, Sipriani."

"Nitamwoa Laurentine."

Laurentine akafuta mashavu yaliyolowa kwa pindo la kitenge. Kisha ule uchokozi wake ukarudi, mdogo, kama makaa chini ya majivu. "Bon. Melkiade akirusha tena, tunaenda kwa pasta."

Daktari alishapasua kiwiko kile. Melkiade asingerusha hadi baada ya msimu ujao. Wote wawili walijua.

"Tumngoje, basi."

"Tumungoje, chéri."

Sipriani alimpikia sombe, kisamvu cha kwao, akamwogesha, akamsomea matokeo ya mechi. Laurentine aliondoka kabla ya theluji, kichwa mkononi mwa Sipriani. Msibani mwanamume huyo alikaa pamoja na wafiwa kama mume, na hakuna aliyemuuliza.

Mwezi wa tatu ukafika tena. Sipriani, sasa mfanyakazi wa ghala jingine, alikwenda ukumbini siku ya kuchagua. Walipopiga kura ya nani aanze, yeye akawa wa kwanza: mchezaji yeyote wa Amerika nzima alikuwa wake kwa kutamka tu.

"Chagua, mzee," alisema Rurangwa. "Watu wana njaa."

"Melkiade."

Vicheko vikapasuka. Rurangwa akatikisa kichwa. "Yule wa kiwiko? Mwaka huu harushi! Ungengoja hadi mwisho, ungempata. Hakuna anayemtaka."

"Nimeshachelewa mara mbili, bosi," Sipriani alisema. "Andika."