Vigingi Vyekundu vya Iyunga

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Devota alifagia mbele ya nyumba yao iliyoko Iyunga, akapanga viazi vya kuuza vya mama yake mafungu mafungu mezani, kisha akanawa kwa maji ya baridi ya Mbeya, yale yanayomwamsha hata mvivu. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Nyumba hiyo waliachiwa na marehemu baba yake, na hawakuwa na nyingine.

Jumatano moja walikuja wapimaji. Walisukuma kifaa chenye magurudumu madogo, wakakitazama kioo chake, wakapigilia vigingi vyenye vichwa vyekundu mbele ya nyumba. Kisha wakaenda zao bila kumwambia mtu neno.

Mtaani pale rangi nyekundu ilikuwa na maana moja tu. Barabara kuu ilipotanuliwa, nyumba zilizochorwa alama ya X nyekundu ndizo zilizobomolewa, na watu hawajasahau.

"Mama Devota, basi tena!" alisema jirani yao Veneranda, mikono kichwani. "Nyekundu hiyo! Anza kutafuta chumba cha kupanga."

Hakuna aliyewafuata wapimaji kuwauliza. Mama Devota hakula siku hiyo. Alikaa karibu na jiko, analia kimyakimya, na moyo wa Devota ukamuuma sana. Jioni, mama alipoingia ndani, Devota aling'oa vigingi vyote akavipigilia kwa jiwe ng'ambo ya mfereji, chini ya mparachichi, mahali pasipo na nyumba ya mtu.

Asubuhi mama alipoona alipiga vigelegele. "Mungu amenisikia! Wamevihamisha!"

Devota aliinamisha kichwa akaendelea kufagia. Angemwambiaje? Kila mama alipoimba, yeye alijiona kama mtu aliyejifungia chumbani, ufunguo anao mkononi, lakini anaogopa kuutumia.

Ijumaa mjomba wake Asukile, aliyeishi nao, alirudi anacheka. "Dada, nimepata kibarua! Tunachimba mtaro wa bomba jipya la maji, na tunaanzia hapa hapa nyumbani. Kesho uandae chai."

Jumamosi vibarua walikusanyika mbele ya nyumba. Devota alikuwa akiwamiminia chai wakati kiongozi wa wapimaji, mwanamke aitwaye Bertha, alipoanza kuwaelekeza.

"Sikilizeni kabla ya kushika sururu. Kigingi cha bluu, chini yake kuna bomba la maji. Chekundu, kuna kebo ya umeme mkubwa. Ukiipiga kwa sururu, hatutakuwa na la kukusaidia. Naona vyekundu viko kule kwenye mparachichi, basi hapa ni salama. Anzeni."

Devota aliacha kumimina chai. Alitaka kusema, lakini akaogopa. Watu wote wale! Mama angeaibika mbele ya Veneranda, ambaye hajawahi kuona aibu ya mtu akainyamazia. Mjomba naye angefukuzwa kazi. Labda kebo iko chini sana. Labda sururu haitaifikia.

Asukile alitemea mate viganjani, akapiga sururu ya kwanza. Udongo ukapasuka. Akainua ya pili.

"Mjomba, acha!" Devota alipiga kelele, birika likaanguka. "Umeme uko hapo! Vigingi nilivihamisha mimi!"

Asukile aliishusha sururu polepole, mbali na shimo. Bertha alikimbilia kifaa chake, akakipitisha chini ya mparachichi: kimya. Akakipitisha mbele ya nyumba, na pale pale sururu ilipopasua udongo kikalia kwa nguvu. Wakafukua taratibu kwa koleo, wakakuta utepe wa njano wa tahadhari, na chini yake kebo nyeusi, nene.

Asukile alikaa chini. "Ndaga fijo, mpwa wangu," alishukuru kwa Kinyakyusa. "Asante sana."

"Na nyumba yangu?" Mama Devota aliuliza kwa sauti ndogo.

"Haiguswi, mama," alijibu Bertha. "Kigingi chekundu kinatuonyesha mahali ambapo hatutakiwi kuchimba. Kosa letu ni kwamba hatukuwaeleza. Na leo nilipaswa kupima upya kabla ya kuwaruhusu watu kuchimba." Kisha akamgeukia Devota. "Wewe, chukua nyundo uvirudishe. Ukimaliza, tutapita wote nyumba kwa nyumba, uwaeleze majirani rangi hizi maana yake nini."

Devota alivirudisha kimoja kimoja huku machozi yakimtiririka, na Veneranda akitazama. Alipomaliza, mama yake alimshika mabega.

"Mwanangu, uliniona nalia ukataka kunifurahisha. Furaha ile ingemzika kaka yangu leo. Na mimi nina kosa. Wapimaji walikuwa hapa mlangoni, kuuliza si ujinga, nami nikakaa jikoni kulia." Alimfuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Siku nyingine ukinikuta nalia, niambie ukweli, hata kama nitalia zaidi."