Ua Lisilofumba Jioni

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, ilipambazuka kwa utulivu nyumbani kwetu Kilakala. Ukungu ulikuwa bado umeukalia mlima, na wanawake walikwisha kuinjika masufuria ya pilau uani. Siku hiyo Filomena, binti wa marehemu dada yangu, alikuwa akiolewa na Abel, kijana wa maabara kule chuoni Mazimbu.

Sina budi kwanza kueleza habari ya maua yetu. Mama mzazi alipohama Mgeta, mwaka 1961, alishuka na vipandikizi vya haibiskasi vimefungwa kwenye jani la mgomba. Tangu hapo, kila mtoto wa kike alipozaliwa katika ukoo wetu, kitovu chake kilizikwa uani na juu yake ukapandwa mti mmoja. Ua la haibiskasi ni ua la siku moja: hufunguka asubuhi, likafumba jioni. Ndiyo maana asubuhi ya harusi, mwanamke aliyemlea bibi harusi huchuma ua katika mti wa binti huyo na kumchomekea juu ya sikio, ili machungu ya kuagana yafumbe pamoja na ua, yasilale naye. Mama alitukataza jambo moja tu. Binti asivishwe ua la mti wa mwenzake. "Utakuwa umemvisha na siku za mwenzake, na zake zitamwendea yule," alisema.

Filomena alilelewa na mdogo wangu, Winfrida. Dada yetu alifariki mwaka 2001, mtoto akiwa hajajua kusema, na neno "mama" alijifunza kwa kumwita Winfrida. Baadaye Winfrida alimzaa Kalista. Wasichana hao walikula sahani moja, wakalala kitanda kimoja. Lakini tangu Pasaka ya mwaka huo Kalista alikuwa amelala chumbani, amekauka kama ukuni. Vipimo vyote vilisema hana ugonjwa.

Asubuhi hiyo Winfrida alitoka uani na ua jekundu kiganjani, akamchomekea Filomena bila kumtazama usoni.

"Mama, mbona la baridi hivi?"

"Umande," alijibu.

Krupa, jirani yetu mwenye duka la vitambaa, alikuwapo. Kila siku huweka ua jekundu mbele ya mungu wake wa kike, na tangu utotoni Filomena alimruhusu kuchuma katika mti wake, kwa masharti.

"Leo unakwenda kwa mume," Krupa alimtania. "Nani atanichunga sasa? Nitachuma yote!"

"Thubutu! Mawili tu, anti Krupa. La tatu langu. Nikiwa huko huko nitajua."

Wanawake waliangua kicheko. Winfrida hakucheka.

Misa ilikwenda vizuri. Alasiri, watu wakiwa wanakula, Krupa alinivuta kando ya turubai.

"Mjomba, samahani. Ua lile si la Filomena."

"Unasemaje?"

"Nimechuma mti wake miaka yote. Maua yake yana petali tano, yako wazi. Lile limerundikana petali. Mti wenye maua hayo hapa ni mmoja tu." Akateremsha sauti. "Ule wa Kalista."

Nilitazama meza ya maharusi. Filomena alikuwa amejifunika khanga mabegani. Abel alikuwa akimsugua vidole.

Jua likazama nyuma ya Kihonda. Uani, maua yote yakafumba. Lile la sikioni likazidi kufunguka.

Ndipo vigelegele vikapasuka. Kalista alikuwa amesimama mlangoni, kwa miguu yake mwenyewe. Aliomba pilau.

Nilimkuta Winfrida jikoni, peke yake, amegeukia ukuta.

"Umechuma wapi?"

Alikwangua masizi ukutani kwa ukucha.

"Winfrida. Umechuma wapi?"

"Kaka, usiniulize. Wewe hujazaa." Sauti yake ilikuwa ya kunong'ona. "Mmoja nimemzaa. Mwingine nimelea tu."

Nyuma yangu khanga ilichakarisha. Filomena alikuwa kizingitini. Sijui alisimama hapo tangu lini. Midomo yake ilikuwa imepauka.

"Kumbe," alisema taratibu. "Sawa, mama mdogo."

Hakuwahi kumwita hivyo maishani mwake.

Abel, aliyekuwa amemfuata, alijaribu kulichomoa ua. Filomena akapiga yowe. Kikonyo kilikuwa kimeota vijizizi vyeupe, vyembamba kama uzi, vikaingia kwenye ngozi nyuma ya sikio. Nilichukua panga nikauendea mti wa Kalista.

Filomena alinishika mkono. Ulikuwa mkono wa barafu.

"Usiukate, Mjomba. Kalista hakujua."

Tulimpakia garini kwenda hospitali. Njiani alikata roho, kichwa chake begani kwa Abel. Wakati huo huo ua likafumba, likaanguka lenyewe. Nilipomgusa nyuma ya sikio, ngozi ilikuwa laini. Hapakuwa na tundu. Hapakuwa na mzizi.

Tulimzika Jumatatu, tarehe 16 Juni. Winfrida alilia kuliko wote, na watu wakamsifu kwa upendo wake.

Kalista alinenepa. Akaanza kuimba nyimbo za kwaya za Filomena, ambazo yeye hapo awali hakuzipenda. Nilijiambia ni majonzi.

Leo, tarehe 26 Julai, siku ya arobaini tangu mazishi, Krupa alikuja asubuhi kuchuma katika mti wa marehemu. Mimi nilikuwa barazani. Alichuma la kwanza. Akachuma la pili. Mkono ukaenda kwenye la tatu.

"Mawili tu, anti Krupa. La tatu langu."

Alikuwa Kalista, kasimama nyuma yake. Krupa alidondosha maua yote mawili.

Kutoka jikoni Winfrida aliita, "Kalista, njoo unywe chai!"

"Nakuja, mama mdogo."

Kikombe kilivunjika huko ndani.

Kalista alilichuma lile ua la tatu, la petali tano. Akaingia jikoni bila haraka. Nilipofika mlangoni, alikuwa akimchomekea mama yake juu ya sikio, taratibu, kama avishwavyo bibi harusi. Winfrida hakuweza hata kuinua mkono.

"La baridi," alinong'ona.

"Umande," alijibu Kalista.

Sasa ni jioni. Nimezunguka uani na tochi, nimekagua mti mmoja mmoja. Maua yote yamefumba.

La Winfrida bado.