Wa Mwisho Kutoka Mtoni

Jioni hiyo Mama Redio alitoka nyumbani na sufuria mkononi, na kila aliyemuuliza alijibiwa kwamba anakwenda kuchota maji. Sufuria yenyewe ilikuwa ile kuukuu yenye kishikio kilicholegea, ambayo ukiitikisa kidogo tu inalia kring'i, kring'i. Sasa nani aende mtoni na kitu kama hicho, na ndoo zimejaa nyumbani? Lakini nani angembishia Mama Redio? Jina hilo hakupewa bure. Ukimgusa anawaka, na kumzima si kazi ndogo.

Jambo moja tu hakulitangaza. Alikuwa anakwenda kumtega mume wake.

Mumewe ndiye aliyekuwa mtu wa lango. Tangu kampuni ilipojenga ukuta kule juu, mto wao mdogo ulitiwa ndani ya bomba, ukapelekwa upande wa pili wa kilima kuzungusha mtambo. Umeme ukapita kwenye nyaya juu ya mapaa yao kwenda mjini, wao wakabaki na koroboi zao. Chini ya ukuta palibaki mchanga mtupu. Vyura walinyamaza, samaki wakawa hadithi ya kusimulia watoto. Wanawake walichimba mashimo pale pale mto ulipokuwa ukipita, wakawa wanateka maji kwa bakuli, kidogo kidogo, huku wakigombania zamu.

Kila jioni mtu wa lango alifungua mlango wa chini wa ukuta ili tope lililojazana nyuma yake litoke. Maji hayo hayakuja kwa adabu. Yalikuja yote kwa pamoja, yakiviringisha mawe. Kwa hiyo palikuwa na utaratibu. Kwanza king'ora. Watu wanapanda ukingoni. Wa mwisho kutoka anagonga chombo chake: ko, ko, ko. Mtu wa lango akisikia chombo, ndipo anapozungusha gurudumu la kufungulia.

Utaratibu ulikwenda vizuri mpaka jioni ile fundi cherehani alipochukuliwa na maji.

Mume wa Mama Redio aliapa kwamba alisikia chombo kikigongwa. Chombo cha bati, alisema, tena waziwazi. Lakini ndoo ya fundi cherehani ilipookotwa kule chini ilikuwa ya plastiki, na siku hiyo hapakuwa na mtu mwingine mtoni. "Plastiki nayo inalia ko?" watu waliulizana, wakicheka kicheko kisichofika machoni. Wengine walinong'ona kwamba kule langoni kulikuwa na mwanamke akimsubiri, ndiyo maana bwana alikuwa na haraka.

Na fundi cherehani alikuwa shoga wa kufa na kuzikana wa Mama Redio. Mpaka jioni hiyo gauni alilokuwa akimshonea lilikuwa linaning'inia katika chumba cha marehemu, lina mkono mmoja. Tangu mazishi Mama Redio alikuwa akilala akimpa mumewe mgongo. Kama alifungua bila kusubiri, basi alikuwa anapika na kupakua kwa muuaji wa shoga yake, na asubuhi angefunga nguo zake akarudi kwao. Alichotaka ni kujua tu.

Mtego wake ulikuwa rahisi. Angekuwa wa mwisho kutoka mtoni, na asingegonga.

King'ora kililia. Wuuuuu... Wanawake wakabeba ndoo zao, wakapanda wakilalamika. Mama mkwe wake akasimama, akaitazama ile sufuria.

"Unabaki na nani, mwanangu?"

"Tangulia tu, mama. Nakuja."

"Usisahau kugonga. Mwanangu amechoka kunyooshewa vidole."

"Sitasahau, mama."

Mama Redio alipanda ukingoni, akaketi kwenye matete. Akaikumbatia sufuria tumboni ili kishikio kisilie. Mtoni hapakuwa na mtu. Alitazama juu, akatazama chini, akatazama tena. Mchanga mtupu na mashimo yake.

Akasubiri.

Giza likaanza kuingia. Kule juu kimya. Lango halikufunguka. Mama Redio akajikuta anaomba moyoni, asifungue, Mungu wangu, asifungue. Na lango halikufunguka. Alikuwa anasubiri! Mume wake alikuwa amesimama kule na gurudumu lake, anasubiri kama alivyoapa. Machozi yakamtoka Mama Redio kwa furaha. Alinyanyuka apige kelele zake zote mpaka kule juu...

Akasikia harufu.

Harufu ya tope bichi lililooza. Tope la nyuma ya ukuta, wakati lango bado limefungwa.

Na kwenye shimo la katikati alikuwepo mwanamke, amechuchumaa.

"We dada!" Mama Redio aliita. "Toka! King'ora kimeshalia!"

Mwanamke hakugeuka. Alikuwa anateka kwa bakuli. Kra... kra... kra... Bakuli lilikuwa linakwaruza mchanga mkavu. Mama Redio akamtukana kimoyomoyo, akashuka kumvuta. Mtu ni mtu, hata akiwa mkaidi.

Mchanga ulikuwa wa baridi sana chini ya nyayo zake.

Alipokaribia aliona kitu kama utepe kinaning'inia shingoni mwa yule mwanamke, kinachuruzika maji. Utepe ulikuwa na namba.

Futi ya kupimia nguo.

Mama Redio akasimama hapo hapo. Na mdomo wake, ule usiojua kunyamaza, ukakauka kabisa.

"Shoga..." Sauti ilikuwa ya mtu mwenye maji kifuani. "Mkono wa pili... sijamaliza."

Kra... kra...

"Shoga... si mimi niliyegonga."

Bakuli likasimama.

Ko.

Sauti ilitoka chini. Si ukingoni, si kwenye vichaka. Chini ya mchanga, karibu na nyayo zake.

Ko.

Bati. Bati tupu, waziwazi. Mama Redio aliibana sufuria yake kwa mikono yote miwili. Haikuwa yake.

Ko.

Fundi cherehani aliinamisha kichwa, kama mtu aliyesikia hatua za anayemwogopa. "Huyo," alinong'ona. "Kimbia."

Kule juu gurudumu la lango likaanza kulia.

Mama Redio alikimbia. Hakujua alivyokimbia. Sufuria ilimponyoka, ikagonga jiwe, kring'i, na kabla hajafika ukingoni maji yakamkuta kiunoni. Alishika mizizi ya matete. Mawe yalimpita yakigongana, tope likamwingia puani na kinywani. Akashikilia tu mpaka maji yakapungua.

Mumewe alimkuta hapo, akiwa na tochi, anahema.

"Mke wangu! Ulikuwa chini? Haki ya Mungu nimesubiri! Nimesubiri mpaka nikasikia!"

"Sikugonga," alisema Mama Redio.

Tochi ikaanguka. Yule bwana akakaa chini kwenye tope kama mzigo. "Basi. Hata wewe utasema nilifungua tu."

"Sikugonga mimi. Lakini nimesikia." Alimshika mkono. "Na mimi nimesikia, baba."

Mtu wa lango alilia kama mtoto. Alikuwa amengoja maneno hayo tangu mazishi. Mama Redio naye alilia, kwa aibu ya kumshuku, na kwa hofu. Baadaye, wakiwa njiani, mumewe alisema kwa sauti ya chini kwamba huwa anasikia maji yakitembea chini ya mchanga, upande wa huku, kulikokauka. Alidhani ni masikio yake. Mto ulioko ndani ya bomba anaujua mlio wake, alisema. Huo mwingine haujui.

Kama kawaida yake, Mama Redio alitangaza. Safari hii hakuna aliyetaka kusikiliza. Wakubwa wa kampuni walisema mke lazima amtetee mumewe. Mumewe alikataa kugusa gurudumu tena, na wao, bila kubembeleza, wakaleta mtu mwingine kutoka mbali. Mama Redio alipanda mpaka langoni kumwonya. Alimwambia asifungue kwa kusikia, ashuke kwanza atazame kwa macho yake. Yule bwana alimkaribisha kiti, akamsikiliza kwa heshima zote.

"Mama, mimi nimeelekezwa hivi," alisema. "King'ora, nisubiri chombo, nifungue. Nikifuata habari za redio nitafukuzwa kazi."

Akacheka. Alikuwa ameshaambiwa jina lake.

Tangu hapo Mama Redio alikuwa akienda mtoni kila jioni, si kuchota maji, bali kuwahimiza watu watoke mapema. Sufuria yake hawakuiona tena. Waliitafuta mpaka kule chini kwenye mawe, wakaokota matawi na kandambili moja. Alimwambia mumewe aache kuitafuta, kisufuria chenyewe kibovu.

Jioni moja king'ora kililia, wanawake wakapanda. Mama mkwe alibaki nyuma na magoti yake mabovu, yeye na jirani mmoja aliyekuwa anamshika mkono. Walikuwa bado katikati ya mchanga. Mama Redio alishuka hatua chache ukingoni, mikono mitupu, ili ampokee ndoo.

Harufu ya tope ikamfika kwanza.

Ko. Kring'i.

Alikijua kishikio kile. Alikuwa amepika nacho miaka yote ya ndoa yake.

Ko. Kring'i.

"Bado!" alipiga kelele kuelekea juu. "Bado kuna watu! Usifungue!" Lakini ukuta ulikuwa mbali, na sauti ya mtu haifiki kama ya bati.

Ko. Kring'i.

Kule katikati ya mchanga mama mkwe aliinua uso, amekasirika.

"We mwanangu! Mbona unagonga, na sisi bado tuko huku?"

Mama Redio alimwonyesha mikono yake mitupu.

Kule juu, gurudumu likaanza kulia.