Karibu Kabla ya Jina

Jua lilikuwa limeshaingia nyuma ya milima Bertin alipotoka kununua vocha ya mtandao, mara ya nne siku hiyo. Alirudi ofisini akinung'unika peke yake. Siku tatu anapambana na mlango mmoja, tena mlango usio na mbao wala bawaba, na bado haufungi!

Mlango wenyewe, ukurasa wa kuingilia, ulikuwa kwenye tovuti ya wenye maboti wa mji wa Baraka. Kila boti ina karani anayeandika abiria kwa simu, ili ndugu zao wajue nani yuko majini. Lakini tovuti ilikuwa wazi kama soko, na mtu alikuwa akiingia kufuta majina. Mara mbili jina lilifutwa boti ikiwa bado ziwani, na mara mbili mwenye jina hakushuka. Watu wa boti walisema ameanguka majini, ila hakuna aliyeona.

Mama Florentine, mkubwa wa wenye maboti, aliamuru kila karani apewe neno lake la siri, na mwisho ni leo hii, si kesho. Boti moja ilikuwa njiani kutoka Uvira. Karani wake alikuwa Merveille, mdogo wake Bertin, na jina lake lilitangulia kwenye orodha ya watu ishirini na watatu.

Bertin akajaribu mlango wake. Kioo cha kompyuta kikaandika:

Karibu, Kezimana.

Akatukana. Kezimana alikuwa karani aliyezama wakati wa mvua. Akalifuta jina lake, akajaribu tena.

Karibu, Kezimana.

Ofisi ikaanza kunuka matope… yale ya chini ya ziwa, yanayopanda na nyavu. Nje, mtu akapiga hodi. Sauti nzito, kama ya mwenye maji mdomoni.

"Karibu," Bertin alijibu kwa hasira, bila kugeuka.

Hakuna aliyeingia.

Alipochungulia alimkuta mama Suzanne tu, jirani aliyekuja kuchukua simu yake iliyokuwa inachajiwa. Alisema hakuona mtu njiani. Akasogea kutazama kazi. Kwenye kitufe cha kuingilia Bertin alikuwa ameandika HODI, ili hata wasiojua Kifaransa waelewe, na alijivunia sana jambo hilo. Mama Suzanne akakibonyeza bila kuandika chochote. Kioo kikaitika karibu.

"We Bertin," alinong'ona, "jua ikisha kuingia, muntu akipiga hodi tunamuulizaka jina kwanza. Hii mashini yako inaitika karibu mbele ya kuuliza."

Bertin akarudi kwenye mistari ya programu yake. Kosa ndilo hilo, na limemlia siku tatu nzima! Makaribisho aliyaweka juu, ukaguzi wa neno la siri chini yake. Mgeni alikuwa ameshaingia ndipo mlango ulipouliza. Akageuza mistari: jina, neno la siri, kisha karibu.

Kezimana: neno la siri si sahihi.

Mara ya pili.

Mara ya tatu…

Kisha kimya. Harufu ikaisha. Bertin akacheka kwa furaha, lakini mama Suzanne hakucheka. Alichukua simu yake akaenda zake haraka.

Muda si muda simu ya Bertin ikalia. Alikuwa Merveille, injini ya boti ikinguruma nyuma yake.

"Yaya," alimwita kaka yake, "ule muntu wako nimesha kumupatia mot de passe yangu, ile neno ya siri."

"Muntu gani?"

"Ule ulituma. Iko hapa pembeni yangu, nguo yote maji. Anasema kwako mulango unamukatalia."

"Merveille, alipandia wapi?"

"Sijui. Nilimuona tu tukiwa katikati."

Kioo kikawaka.

Karibu, Merveille.

Akafungua orodha. Akahesabu, akahesabu tena. Ishirini na wawili, na jina la kwanza halikuwa tena la Merveille. Na sikioni mwake mdogo wake alikuwa bado anaongea, anamuuliza kama amemuachia ugali.