Karatasi ya Joviale Kwenye Kikapu cha Maombi

Asubuhi moja, pale Mapendo, mutaa wa Goma, Joviale alikaa mulangoni, daftari juu ya tumbo lake kubwa, akiandika. Mama mukwe wake, Nshobole, alikuwa anatwanga majani ya sombe, moyo umetulia. Balagizi, mume wa Joviale, alikuwa Kalemie kikazi.

"Uko unaandika nini? Barua ya Balagizi?"

"Hapana, mama. Ya hospitali. Mardi, ndiyo Jumanne, watanipasua nizae. Mama Mukamugema, mukunga, alisema niandike vile ninataka. Sindano ya mugongo tu, nisilale, nisikie mutoto akilia. Wamuweke papo hapo kwa kifua yangu. Na..."

"Acha!" Mutwangio ulisimama. "Kisu mara ya tatu? Wakushone kama gunia ya mihogo?"

Ndugu zangu, musimuhukumu haraka. Mudogo wake Nshobole aliingia hospitali akitembea, akarudi ndani ya sanduku. Basi aliichukua ile karatasi, akaitia kwenye kikapu cha kikundi chao cha maombi, ili Mungu akifute kile kisu. Hakujua kusoma, wala hakuomba asomewe.

"Mama, na mardi?" Joviale aliuliza.

"Mardi ni ya waganga wa hospitali. Siku tisa za maombi ni za Mungu. Tungoje."

Joviale alingoja. Mama huyu hakuwahi kumutakia baya.

Mardi ikapita. Siku ya tisa watu wa kikundi wakachoma karatasi zote za kikapu, wakiimba. Nshobole akarudi nyumbani na furaha yake, akamukuta Joviale chini kando ya kinu, midomo myeupe.

Hospitalini, Mukamugema alitoka mbio. "Kovu ya zamani imepasuka! Tumemulaza usingizi, na damu yake ni ya shida kupata. Karatasi iko wapi? Aliandika nani wa kumupa damu?"

Nshobole alikumbuka ile "na" aliyoikata.

"Iko majivu," akasema. Akakunja mukono wa nguo. "Mutoe yangu. Mutoe yote!"

"Haipatane na yake, mama."

Nshobole akamupigia Balagizi simu, akilia. Balagizi akamupigia Aubin, kaka ya Joviale, kule Munigi. Aubin alifika na moto, pikipiki ya kukodi, mukono umekwisha kukunjwa.

"Ni mimi niliandikwa, mama! Tangu mardi niko nangoja muniite. Kutoka Munigi ni mwendo kidogo tu!"

Mukamugema alitoka tena, polepole, na mutoto ndani ya kitenge. Mutoto alikuwa analia kwa nguvu. Damu ilichelewa: Joviale hakumusikia, na hatamusikia kamwe.

Nshobole akafungua mikono. Kifua kingine cha kumuweka hakikuwako.

FUNZO

Watu wa Goma, kuomba ni kuzuri, lakini sala haigombani na tarehe ya muganga. Aliyepasuliwa mara mbili asingojeshwe uchungu. Akiandika namna anavyotaka kuzaa, karatasi ifike hospitalini, na jamaa wote waijue. Na akisema "na", ngojeni amalize.