Mahari ya Mlango wa Nyuma

"Hesabu, Mastura. Mahari yako hiyo," alisema Mzee Mwinyijuma, akimpa binti yake bunda la noti.

Mastura hakuhesabu. Macho yalimganda kwenye karatasi iliyofunga zile noti, na mhuri mwekundu wa benki. Akatoka nyuma ya pazia bila kuitwa, akasimama mbele ya mchumba wake. Uweso alikuwa amekuja peke yake. Mshenga wake alikuwa foleni benki kama mji mzima.

"Benki yenu imefungwa tangu Jumanne. Leo Ijumaa. Hizi zimetokaje?"

"Mie karani wa pale, Mastura. Kuna taratibu."

"Taratibu gani? Bi Semeni, mtunza upatu wetu, anashinda juani mlangoni kwenu siku ya nne. Pesa zetu ziko humo, za wanawake kumi na wanane wa mtaa wa Ngamiani. Nani alituambia pesa zisizunguke mikononi, zikalale benki?"

Uweso akainamisha kichwa. Aliyewaambia ni yeye.

Bei ya mkonge ilipoporomoka, wenye mashamba walishindwa kulipa mikopo, na benki ikayumba. Serikali ikakimbilia kuiokoa kwa kodi za watu ambao hawajawahi kukanyaga hata ngazi zake. Wenye akiba kubwa watalipwa benki ikifunguliwa. Mwenye chini ya shilingi mia tano angoje miaka mitano. Huo ndio ulioitwa wokovu.

"Waraka wa kufunga benki ulikuja Jumatatu," Uweso alisema kwa sauti ndogo. "Wakurugenzi wakatoa zao mchana ule ule, kwa mlango wa nyuma. Meneja akaniambia chukua na zako, ufunge mdomo. Nikaapishwa."

"Na ukachukua."

"Nilichukua mahari yako! Mzee kanipa mwisho leo, la sivyo akuoze kwa mwingine. Nikisema, jela. Nikizirudisha, nakukosa wewe. Nimebanwa, hata pa kugeuzia shingo sina."

"Na mie je? Nikizipokea hizi, nitapita njia ipi nisikutane na mwenye pesa yake? Nikizikataa, nimekukosa!"

"Basi!" Mzee Mwinyijuma aligonga bakora sakafuni. "Ameleta mia tatu, tumepokea. Mwaongeza maneno ya nini?"

"Baba, mahari ni ya nani?"

"Yako. Ndiyo sheria."

"Na wa kuitaja?"

Mzee akakohoa. "Wewe."

"Basi nimeibadili. Jumatatu tume ya serikali inakaa kusikiliza habari za benki. Mahari yangu ni waraka ule usomwe mbele yao."

"Watanifunga, Mastura! Utaolewa na mfungwa?"

"Wataka niolewe na mwizi?"

Uweso aliondoka na noti zake bila kuaga.

Jumatatu wanawake wa upatu walijaza mabenchi. Mastura hakuweza kukaa. Jina la Uweso lilipoitwa, alimwona anatoa karatasi.

"Haya ni majina ya waliolipwa kwa mlango wa nyuma, baada ya waraka kufika. La kwanza ni langu. Shilingi mia tatu. Hizi hapa."

Ukumbi ukavuma.

"Soma na wenzio, mwanangu!" Bi Semeni alipaza sauti. "Taratibu, tusikie!"

Akasoma waraka, kisha majina kumi na moja, yote ya wenye majumba makubwa kule Raskazone. Akamalizia: "Benki ikiokolewa kwa kodi, vitabu vyake afunguliwe mlipa kodi. Na mdogo alipwe kwanza. Itungwe sheria."

Mwenyekiti aliandika nusu mstari. Jioni ile Uweso hakuwa na kazi, na polisi walimkataza kutoka Tanga mpaka kesi yake isikilizwe. Sheria haikutungwa. Pesa za upatu hazikutoka mwaka ule wala uliofuata, na majina yale kumi na moja sisi wa Ngamiani tunayo mpaka leo.

Mzee Mwinyijuma alishika neno lake la mahari, na ndoa ikafungwa wiki moja kabla ya kesi. Shekhe aliuliza kupitia pazia:

"Binti, mahari yako umeipata?"

"Nimeipata yote," alijibu Mastura, sauti imejaa machozi.

Nyuma yake Bi Semeni akadakia:

"Sisi bado!"