Maua Dume ya Maboga

Zamani za Wadachi, reli ilipokuwa imeshapita Dodoma ikitafuta njia ya Tabora, msichana mmoja wa kijiji cha Zuzu aitwaye Dorkasi alikuwa na kazi yake ya kila asubuhi. Aliteka maji, akafagia mbele ya nyumba yao ya tembe, kisha akachukua ungo na kushuka korongoni kuchuma maua ya maboga kwa ajili ya mboga ya mchana.

Shamba la mama yake lilikuwa dogo, lakini lilikaa mahali pa chini, pale ambapo maji ya korongo huacha tope jeusi. Mwaka ule mvua ilikuwa bahili. Maboga ya majirani yote yalikauka yangali machanga, ya mama Dorkasi tu ndiyo yaliyotambaa. Hayo ndiyo yaliyotegemewa nyumbani wakati wa kiangazi, kwa sababu uwele ulikuwa umetoa masuke matupu.

Baba yake, Matonya, alikuwa kwenye kambi ya reli akivunja kokoto. Kodi ya Mdachi haikujua ukame. Mama yake, Hana, alikuwa na mimba kubwa na hakuweza kuinama muda mrefu, kwa hiyo alimwachia bintiye shamba pamoja na agizo.

"Chuma maua dume, yale yenye kikonyo chembamba," alimwambia. "Yenye kiboga kidogo nyuma yake usiyaguse. Na hayo dume nayo usiyamalize. Kila siku acha machache, nyuki wayaone."

"Ndiyo, mama."

"Nimesema uache."

"Nimesikia, mama."

Kusikia alisikia. Kushika ndiko kulikomshinda.

Karibu na kambi aliishi Bi Tabu, mwanamke wa Kolo aliyefuatana na mumewe kwenye kazi ya reli. Aliwapikia vibarua chakula. Siku moja alionja maua ya maboga yaliyoungwa kwa karanga, akayapenda, na vibarua wakayapenda zaidi. Akamwambia Dorkasi amletee mengine, naye atampa ushanga. Siku ya kwanza alimpa mwekundu, ya pili wa buluu. Mwamvua, binti wa Bi Tabu, aliutunga kwenye uzi akaufunga shingoni mwa Dorkasi, kisha akarudi nyuma kumtazama.

"Ukipata na wa kiunoni, utakuwa kama bibi harusi," Mwamvua alisema.

"Nitaupataje? Mama amenikataza kuchuma maua yote."

"Yale yanayozaa?"

"Hayo siyagusi. Nasema yale dume."

Mwamvua alicheka. "Sasa dume la nini? Kwetu Kolo mpapai dume hauzai, baba huukata. Hilo ua lako litakuzalia nini?"

Dorkasi aliliwaza neno lile njia nzima. Kweli, ua dume halikuwa na kiboga. Lilifunguka asubuhi, likanyauka mchana, likaanguka. Akaona mama yake ni mtu wa kupoteza mboga bure. Tangu siku ile alichuma maua dume yote, hata yale yaliyojificha chini ya majani. Machache aliyapeleka nyumbani, mengi aliyapeleka kwa Bi Tabu. Ushanga aliuficha ndani ya nguo.

"Umeacha mengine?" mama yake aliuliza kila alipomwona na ungo.

"Nimeacha, mama."

Uongo wa kwanza ulimkwaruza koo. Uliofuata ulipita laini kama mlenda.

Haukupita muda, viboga vilianza kugeuka rangi. Kimoja kilikuwa cha manjano, kesho yake vikawa vingi. Ukikigusa kinaanguka. Dorkasi alivizika kwenye tope ili mama yake asivione, lakini vilikuwa vingi kuliko mikono yake. Na mvua nayo ikakatika mapema, kama mgeni aliyeaga bila kula.

Siku Hana aliposhuka shambani mwenyewe, alisimama akatazama viboga vilivyolala chini. Majirani ndio waliosema. Wakati ule watu wengi waliamini kwamba mwanamke mwenye mimba akipita katikati ya maboga machanga, maboga huporomoka. Jirani mmoja, mwanamke asiyejua kufunga mdomo, akaongeza la kwake.

"Hana, ulipita shambani na tumbo hilo yakiwa machanga," alisema. "Yakiporomoka hivi, mtazame na huyo uliye naye. Asije akafuata njia hiyohiyo."

Maneno hayo yalimwingia Hana. Kabla ya hapo alikuwa amewahi kupoteza mimba. Akaacha kutoka nje, akawa anakaa karibu na mafiga, mkono juu ya tumbo, na ugali mbele yake unapoa. Dorkasi alimwona akilia bila sauti. Alitaka kusema, akashindwa. Alijua ni nani aliyevunja agizo. Hakujua kwa nini maua matupu yaangushe maboga, lakini moyo wake ulishamhukumu.

Alikimbilia kwa shangazi yake Yudith, dada wa baba, aliyekuwa mkunga. Alimkuta akipeta uwele.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mama yako ameshikwa na uchungu?"

"Bado. Mimi ndiye niliyeua maboga, shangazi."

Akasema yote, tangu ushanga hadi uongo. Yudith aliweka ungo chini. Hakumgombeza. Alimshika mkono wakashuka hadi korongoni, akatafuta chini ya majani yaliyokauka mpaka akapata ua dume moja lililochelewa. Akalipasua.

"Weka kidole humu. Unaona nini?"

"Unga wa manjano."

"Unga huu nyuki huubeba miguuni akaupeleka kwenye ua jike, lile lenye kiboga. Ukifika, kiboga hushika mimba, kinakua, kinatia mbegu. Usipofika, kinangoja, kisha kinakata tamaa na kuanguka. Ulidhani dume ni tupu kwa sababu halibebi."

"Mwamvua alisema mpapai dume hukatwa."

"Habari ya mpapai tutawauliza wenyewe wa Kolo. Sasa nisikilize, maana umekua na haya si ya kuonea haya. Na watu ni hivyohivyo. Mama yako ndiye abebaye, lakini hakujipa mimba mwenyewe. Mbegu ya baba yako ilikutana na ya mama yako tumboni, ndipo wewe ukaanza. Ndiyo sababu paji la uso ni la Matonya na vidole ni vya Hana. Kila mtoto ni mtu mpya, na kila mbegu ya boga ina wazazi wawili."

Leo shuleni tunauita unga ule chavua, na tunafundishwa kwamba mbegu ya baba hukutana na yai la mama. Yudith aliyasema kwa maneno ya kwao, na Dorkasi alielewa.

"Kwa hiyo si mama aliyeyaangusha?"

"Tumbo la mama yako halikuyafanya lolote. Kamwambie. Nitakuja nyuma yako, lakini mdomo utakuwa wako."

Dorkasi alipiga magoti mbele ya mafiga, akavua ushanga akauweka chini, akasema. Hana alisikiliza hadi mwisho. Kisha alishika tumbo kwa mikono yote miwili, akavuta pumzi ndefu.

"Kumbe mtoto wangu ni mzima," alisema.

"Mzima, wifi," Yudith alijibu kutoka mlangoni. "Nimempima mwenyewe juzi. Amekaa vizuri."

Hana aliomba ugali, akala wote. Dorkasi alidhani mambo yamekwisha. Ndipo mama yake alipoinua macho kwenye kibuyu kidogo kilichoning'inia juu ya moto, mahali pa kuwekea mbegu.

"Nilizipanda zote," alisema taratibu. "Kwa sababu mvua ilikuwa mbaya, nilisema nisibakize, labda moja itashika. Mama yangu alinipa mbegu zile siku nilipoolewa. Naye alipewa na mama yake."

Hakupaza sauti. Dorkasi angependa apigwe kuliko kuisikia sauti ile.

Bi Tabu alipopata habari, alikuja na binti yake akiwa amemshika sikio. "Mpapai dume hukatwa, ndiyo, lakini baba yake huacha mmoja!" alisema. "Mtoto huyu alimeza nusu ya maneno." Nyuma ya tangi la maji ya gari la moshi, mahali palipovuja, alikuwa amepanda viazi vitamu. Alileta mzigo wa marando ya viazi hivyo, wakayachomeka wote pamoja kwenye mchanga wenye unyevu wa korongo, Dorkasi na Mwamvua wakichimba.

"Haya hayataki nyuki?" Dorkasi aliuliza.

"Kiazi hakioi wala hakiolewi," Bi Tabu alijibu. "Unakata rando, unapanda, unapata kiazi kilekile cha mama yake, hakizidi wala hakipungui. Ndiyo faida yake. Ila ugonjwa ukikipata kimoja, umeshajua njia ya vyote."

Mtoto alizaliwa salama, wa kiume, na paji la uso la Matonya. Viazi vilipokomaa, kiangazi kilipita pasipo mtu wa nyumba ile kulala na njaa. Mvua zilizofuata zilikuwa nzuri. Yudith alileta mbegu za maboga kutoka Hombolo, Dorkasi akazipanda, akayalinda maua dume kama anavyolinda uwele usiliwe na ndege. Maboga yalizaa sana. Yalikuwa makubwa, yenye maji mengi, yasiyo na utamu.

Hana alionja kipande, akatafuna, akakirudisha sahanini.

"Mama, bado una hasira na mimi?" Dorkasi aliuliza.

"Sina. Nilikusamehe siku ileile."

"Basi mbona umeacha kula?"

Hana alimhamishia mtoto kwenye goti la pili. "Nimekusamehe, mwanangu, na msamaha wangu ni wa kweli. Lakini msamaha hauoti shambani. Unapoambiwa jambo usiloona maana yake, uliza kwanza. Na ukishakosea, sema mapema, kungali na ua walau moja lililobaki. Ungeniambia siku ya kwanza viboga vilipogeuka rangi, leo tungekuwa tunakula maboga ya bibi yako."

Dorkasi alichukua kile kipande akakila, kisha mbegu zilizotolewa kabla ya boga kupikwa akazichagua moja moja akazianika.